Mwili wa Mjomba Ndani ya Simu

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya mpaka saa nne. Saa nne na robo nikaiokoa. Saa nne na nusu nikagundua nimeiokoa vibaya.

Nianze kwa mpangilio. Mama Mkuu wa chuo chetu aliita kikao cha wafanyakazi wote. Akasema chuo cha uuguzi hakiwezi kuendelea kufundisha anatomia kwa vitu vya zamani, na kwamba Chumba Namba Nne kitageuzwa kuwa chumba cha kompyuta. Chumba Namba Nne ni changu! Miaka kumi na sita nakitunza. Kina kiunzi kimoja cha mifupa, ambacho wanafunzi wanakiita Mwembamba. Kina sanamu moja ya kiwiliwili yenye viungo vya kutoa na kurudisha, ambayo wanaiita Mjomba. Kina macho mawili ya plastiki, makubwa kama mipira, na taya lenye meno. Vyote vihamie stoo chini ya ngazi. Mimi nihamie stoo ya mashuka, jengo la nyuma, nikahesabu foronya.

Wazo hili si la Mama Mkuu. Mama Mkuu ni mtu mwema. Ni la fundi kompyuta, ambaye chuo kizima kinamwita Bwana Chaja kwa sababu hajawahi kuonekana bila waya wa chaja shingoni. Alikaa mstari wa mbele, anaitikia kwa kichwa kabla sentensi haijaisha. Nimepata habari kwamba ameshapima hata madirisha kwa ajili ya mapazia!

Nikasimama. Sikupanga kusimama, miguu ilitangulia. Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba kwa muda mrefu natengeneza programu ya simu ya kufundishia anatomia. Unaelekeza simu kwa mtu aliye hai, amevaa nguo zake, na kwenye kioo unaona moyo wake, ini lake, figo zake, kila kimoja mahali pake. Ukitaka, unaingia ndani na kutembea. Inaitwa uhalisia ulioongezwa. Neno hilo nililisoma mwaka jana kwa kinyozi, kwenye gazeti lililobaki nusu ukurasa.

Mama Mkuu akatabasamu, akasema kumbe chuoni tuna hazina na hatujui. Daktari wa upasuaji anayekagua vyuo anakuja Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe kumi na tatu. Nimwonyeshe yeye. Akiridhika, chumba kinabaki cha anatomia na ufunguo unabaki kwangu. Asiporidhika, foronya.

Hali ya programu hadi leo: haipo. Siku zilizobaki: kumi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika mpango wenye hatua saba. Hatua ya kwanza: kumpata mtu anayejua kutengeneza programu. Hatua ya pili hadi ya saba zinategemea ya kwanza.

Mtu huyo yupo, tena ndani ya familia. Ni shemeji yangu, mdogo wa kike wa mke wangu, anayeandika programu za simu akiwa nyumbani kwake na redio imefunguliwa. Tatizo dogo: kwenye harusi ya binamu yao nilisema, mbele ya meza nzima, kwamba kazi yake ni kuchezea simu kutwa.

Nilimwendea na machungwa. Akala mawili kabla hajaniuliza nimefuata nini. Nikamweleza. Akacheka mpaka akazima redio ili acheke vizuri. Akauliza, shemeji, kazi ya miezi minane unaitaka kwa siku ngapi? Nikasema tisa, kwa kuwa ya leo imeshaanza kuisha. Akatikisa kichwa. Halafu akasema nina bahati ya mtu asiyestahili: aliwahi kutengenezea duka la samani programu ya namna hiyo. Unaelekeza simu sebuleni kwako, unaona kabati litakavyokaa kabla hujalichukua. Atatoa kabati, ataweka ini. Alisema hivyo bila kutabasamu. Nikaona hapa kuna kipaji.

Masharti yake mawili. Kwanza, nimletee picha themanini za kila kiungo, kuzunguka pande zote. Pili, nimpigie simu mama mkwe palepale, spika ikiwa wazi, nitamke kwamba kazi ya binti yake ni kazi.

Nikapiga. Mama mkwe akauliza nani amefariki. Nikasema hakuna, mama, wote wazima. Nikatamka. Akauliza, basi baba, nani amekushika? Nikatamka tena, neno kwa neno, kama nilivyoandikiwa kwenye karatasi. Akasema haya, amesikia, na nikanywe maji nipumzike.

Hatua ya kwanza imekamilika. Heshima yangu imepungua kidogo. Itarudi.

Jumatano, 5 Machi

Viungo kumi na vinne, picha themanini kila kimoja: jumla elfu moja mia moja na ishirini. Simu inatakiwa itulie mahali pamoja, kiungo ndicho kizunguke taratibu. Nilihitaji kitu cha kuzunguka. Chuo kizima kina kiti kimoja tu cha kuzunguka, nacho ni cha Bwana Chaja.

Nilisubiri aende chai. Nikakifunika kiti kwa shuka jeupe, nikakisukuma koridoni taratibu, uso wa huzuni, ili nisishukiwe. Wanafunzi watatu wakasogea ukutani wakainamisha vichwa. Mmoja akaninong'oneza pole.

Nikamfungua Mjomba. Moyo juu ya kiti: zungusha kidogo, piga, zungusha kidogo, piga. Pafu la kulia. Pafu la kushoto. Ini. Shingo inaniuma. Saa saba Bwana Chaja akapita akiuliza kama nimeona kiti chake. Nikamwambia kiti ni kitu cha kukaliwa, akakitafute chini ya mtu. Nilikuwa nimeziba mlango, nimepakata ini. Akalitazama ini, akanitazama mimi, akaenda zake. Hatua ya pili inakwenda vizuri kuliko nilivyoandika!

Saa tisa: balaa. Nimefika kwenye bandama. Bandama halipo.

Mahali pake, chini ya mbavu za kushoto, pana kishimo chenye vumbi na kifuniko cha kalamu. Nimepekua makabati, droo, hata ndani ya fuvu la Mwembamba. Nikafungua daftari la vifaa kuona lilionekana lini mara ya mwisho. Mwaka huu: "Bandama, moja, lipo, hali nzuri." Sahihi yangu. Mwaka jana: lipo, hali nzuri. Miaka sita mfululizo lipo, hali nzuri, kwa mwandiko ambao hata Mama Mkuu aliwahi kuusifu.

Ukweli nauandika hapa tu. Kila Januari huwa nanakili ukurasa wa mwaka uliopita. Kuhesabu upya kunavuruga mistari.

Alhamisi, 6 Machi

Nilimwuliza shemeji kwa simu, kwa sauti ya mtu anayeuliza mvua itanyesha lini, programu itakuwaje ikikosa kiungo kimoja kidogo. Akasema si neno. Tutaacha pengo, tutaandika kwamba kinakuja. Akauliza, kwani nini kimepotea? Nikasema hakijapotea kitu! Vyote vipo, hali nzuri.

Kwa hiyo inabidi liwepo.

Nilirudi nyumbani mapema, nikachukua mche wa sabuni ya kufulia, kisu cha mboga na kitabu cha anatomia cha mwaka wa kwanza. Nimechonga muda wa saa mbili. Kazi safi! Umbo kama ngumi iliyolala, mgongo wa mviringo, tumbo lililobonyea kidogo. Sabuni ina maandishi ya kiwandani upande mmoja. Nilitaka kuyakwangua, lakini kila nikikwangua bandama linapungua, na kitabu kinataka sentimita kumi na mbili. Kwa hiyo nikayajaza rangi ya viatu. Nilichanganya nyeusi na nyekundu nikapata zambarau inayopendeza sana. Kwa macho huoni herufi hata moja.

Mke wangu akatoka uani kuuliza mche wa sabuni uko wapi, ana vitambaa vya wateja kwenye beseni. Nikamwambia uko kazini. Akavitazama vidole vyangu. Akauliza siku hizi napiga viatu rangi kwa kucha? Mke wangu ni fundi cherehani. Hagombi. Anakutazama tu, kama kitambaa ambacho anajua kikifuliwa kitapungua.

Nilirudi chuoni nikapiga picha themanini za bandama. Zimetoka vizuri kuliko za ini.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji amekuja nyumbani na kishikwambi, mfuko wa karanga na vibandiko vinne vya miraba myeusi na myeupe. Vibandiko viwili vinakaa mabegani, viwili nyongani. Programu inavisoma, inajua mwili umeanzia wapi na umeishia wapi.

Nikabandikwa mimi kwanza. Nikasimama katikati ya chumba cha cherehani, nimezuia pumzi. Shemeji akatazama kioo. Akamwita dada yake. Wakatazama pamoja. Wakacheka mpaka wakashikana mabega! Figo zangu zilikuwa nje, moja kila upande, kama mifuko ya suruali. Ini lilining'inia hewani. Mjomba ana kifua cha mwanamieleka, na viungo vyake vimenikaa kama koti la kuazima.

Akabandikwa mke wangu. Kwake kila kitu kilijikusanya katikati, kama watu waliokimbilia baraza moja mvua ilipoanza.

Shemeji akaacha kucheka. Akasema hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu kabati ni kabati lakini miili haifanani. Akasema, samahani shemeji, tumejitahidi. Akaanza kukunja nyaya. Nikaziona foronya zimepangwa mpaka darini.

Ndipo mke wangu akasema, pini zikiwa mdomoni, kwamba sisi wote wawili hatujui kukata. Akasema hakuna mshonaji anayemkatia mtu nguo kwa kumtazama mabega na nyonga. Unachukua mzunguko wa kifua, mzunguko wa kiuno, bega hadi kiuno, urefu wa mgongo. Ukiwa na hivyo, nguo inakaa hata kwa mtu aliyepinda. Akatoa madaftari yake ya vipimo: wateja wa miaka kumi na tisa, wembamba, wanene, warefu, wenye bega moja chini. Shemeji akakaa. Hakugusa tena karanga.

Walifanya kazi mpaka jua likashuka. Mtu mwenye kifua hiki na kiuno hiki, mfuko wa chakula ushuke kiasi gani? Mke wangu alikuwa akitazama kioo na kusema, hili ini linambana kwapani, literemshe vidole viwili. Huu moyo umelegea, uvute ndani. Figo ya kulia ikae chini kidogo ya mwenzake. Basi, hapo, usiguse tena. Nilimwuliza alijuaje habari ya figo ya kulia. Akasema ameona kitabuni wakati anatafuta sabuni yake.

Jioni nikabandikwa tena. Kila kitu mahali pake! Nilisogea, vikasogea. Niliinama, vikainama. Shemeji akarudi kwenye karanga zake.

Kwenye taarifa ya Mama Mkuu nimeandika: "Njia ya kulinganisha miili mbalimbali, ubunifu wa msimamizi wa Chumba Namba Nne." Utepe wa kupimia nilishika mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Bwana Chaja amekipata kiti chake. Alifuata alama za magurudumu sakafuni kama mpelelezi. Kiti kina madoa ya zambarau. Akauliza ni nini hiki. Nikamwambia ni mambo ya tiba. Akasema, mbele ya mpishi wa chuo, mbele ya sufuria zote, kwamba mtu aliyempigia simu mwaka jana kuuliza kama kompyuta ikizimwa barua zilizomo zinapotea hawezi kutengeneza programu hata ya saa ya ukutani. Uongo mtupu! Nilipiga mwaka juzi.

Nimekaa, nimefikiri, nimepata. Siku ya maonyesho tunahitaji mtu wa kubandikwa vibandiko. Mtu huyo hatakiwi kusema neno, kwa sababu akisema kifua kinacheza na viungo vinayumba. Nani natamani asiseme neno mbele ya daktari?

Nikamwandikia barua rasmi. Kamati (mimi) imemchagua yeye kutokana na umbo lake linalofaa sayansi. Akaja na barua mkononi kuuliza umbo gani hasa. Nikasema la kitabuni, tena ukurasa wa mbele. Akavuta tumbo ndani. Akageuka kidogo ajione kwenye kioo cha dirisha. Amekubali! Tena atatoa projekta yake ili chuo kizima kimwone ukutani. Sijawahi kumshinda mtu kwa wepesi namna hii. Nimelala mchana robo saa kwa furaha.

Jumatano, 12 Machi

Shemeji amemaliza sehemu ya "Ingia Ndani". Ukibonyeza, mwili unapanuka mpaka unajaza chumba, nawe unapita kati ya viungo na kishikwambi chako kama mtu anayetembea sokoni. Amenitumia picha za kila kiungo kikiwa kimekuzwa. Ameandika: shemeji, kagua kimoja kimoja, hasa pande za nyuma, mimi sijui vinavyotakiwa kuwa.

Nilikuwa naandika hotuba. Nina hotuba ya kurasa tano. Nikamjibu: nimekagua vyote, safi kabisa.

Picha nimepiga mwenyewe. Nizikague kwa sababu gani?

Alhamisi, 13 Machi

Nitaandika yote, taratibu, kwa mpangilio, ingawa mkono hautaki.

Waliokuwepo: Mama Mkuu; daktari; wanafunzi thelathini; mpishi, bila kualikwa; shemeji na kishikwambi; mke wangu nyuma kabisa, utepe shingoni, amesindikiza tu. Daktari ni mama mfupi mwenye miwani midogo. Anamtazama mtu kama anayetafuta pa kuanzia kukata. Bwana Chaja alisimama katikati, fulana ya michezo, vibandiko vinne, shingo tupu. Hakuna aliyewahi kuiona shingo yake. Nilimwonya kwa sauti, mbele ya wote, kwamba hata kukohoa hairuhusiwi.

Hotuba yangu ilikatwa ukurasa wa kwanza. Daktari alisema anaomba aone mwili, maneno atasoma nyumbani.

Sehemu ya kwanza ilikuwa utukufu! Viungo vya Bwana Chaja vikatokea ukutani, vimekaa kama vimeshonewa. Daktari akamwambia ainame, vikainama. Akamwita mpishi, ambaye ni mnene; tukampima, tukambandika. Vikakaa. Akamwita mwanafunzi mwembamba kuliko wote. Vikakaa. Daktari akavua miwani, akasema ameona programu za namna hii mara nyingi na zote humvalisha kila mtu mwili mmoja. Akauliza nani ametatua jambo hili. Nikainama kidogo. Nyuma yangu shemeji akakohoa kikohozi kirefu sana.

Vibandiko vikarudi kwa Bwana Chaja, na daktari akachukua kishikwambi mwenyewe, akabonyeza "Ingia Ndani".

Moyo ukajaa ukutani. Watu wakasema ooh. Daktari akatembea, akapita chini ya pafu, akazunguka mfuko wa chakula, anaeleza huku wanafunzi wanamfuata. Akakata kushoto. Akaenda nyuma ya mbavu. Akasimama.

Bandama lilikuwa na ukubwa wa mlango. Rangi yake zambarau, inayong'aa kidogo. Rangi ya viatu ilikuwa imeingia ndani ya kila herufi na kuitia kivuli, na kila herufi ilikuwa sawa na kiganja changu.

Daktari akamwita mwanafunzi mmoja, akamwuliza hiki ni nini. Mwanafunzi akasema bandama, daktari. Akamwuliza lipo upande gani. Wa kushoto, daktari. Daktari akasema vizuri. Kisha akasoma ukutani, sauti ileile, kama anayesoma cheti cha mgonjwa: "Laini kwa mikono. Povu jingi." Akamwuliza mwanafunzi kama hayo wamefundishwa muhula huu.

Binti wa watu akafikiri. Akasema, hapana daktari, ila kazi ya bandama kweli ni kusafisha damu.

Sijawahi kusikia Chumba Namba Nne kikicheka hivyo. Mpishi alikaa sakafuni. Bwana Chaja, niliyemkataza hata kukohoa, alitii. Alicheka kimyakimya, mabega yanapanda na kushuka, na kwa kuwa vibandiko vilikuwa mabegani mwake, bandama zima likawa linaruka ukutani na povu lake.

Nikasema ni swali la mtego. Nikasema nililiweka makusudi kupima umakini wa wanafunzi. Daktari akasema wazo zuri; basi lile halisi liko wapi? Nikasema lipo, hali nzuri. Mama Mkuu, taratibu, akaomba daftari la vifaa.

Kabla sijalifikia kabati, sauti ya mke wangu ikatoka nyuma. Alisema, "Baba wee! Ndiyo sabuni yangu hiyo?"

Basi.

Daktari hakugomba. Aliwauliza wanafunzi, ukiondoa maandishi, wangejuaje kwamba si bandama. Mikono mingi. Ukingo wake hauna vile vibonyeo. Halina mahali mishipa inapoingilia. Nene mno. Daktari akaandika kwenye kijitabu chake, kurasa mbili, bila kuinua uso. Halafu akauliza tena, safari hii kwa shemeji, ni nani hasa aliyelinganisha miili. Shemeji akanyoosha kidole kwa dada yake. Mke wangu akasema yeye hana alichofanya, aliwasaidia tu wasiharibu kitambaa.

Jibu la mwisho ni kesho. Nyumbani nimekula peke yangu jikoni. Hakuna aliyenifukuza, nilijifukuza mwenyewe.

Ijumaa, 14 Machi

Mama Mkuu aliniita saa mbili kamili. Ufunguo wa Chumba Namba Nne ulikuwa juu ya meza yake, upande wake. Nilikuwa nimeshajiuliza stoo ya mashuka ina dirisha au haina.

Alinisomea taarifa ya daktari. Programu inafaa, itumike. Mstari wa ubunifu urekebishwe: si wa msimamizi, ni wa fundi cherehani. Mke wangu anaalikwa kuja kila Jumatano kuwafundisha wanafunzi kupima miili, na shemeji ataendelea kuiboresha programu. Wanafunzi walilitambua bandama bandia kwa sababu wamezoea kushika viungo kwa mikono, kwa hiyo Mjomba na Mwembamba wasiende stoo. Chumba kibaki cha anatomia!

Kisha likaja langu. Daktari ameandika kwamba mtu anayeweza kuchonga bandama kwa sabuni ili asikiri kwamba limepotea, awekwe karibu na vifaa na mbali na daftari. Mama Mkuu akasoma sentensi hiyo mara mbili, kwa raha ambayo sikuipenda. Akausukuma ufunguo upande wangu.

Wangu! Nilitoka nimeushika mkononi, sikuutia mfukoni mpaka jioni.

Daftari amepewa Bwana Chaja. Atahamia nusu ya chumba na kompyuta nane. Tulihesabu vitu pamoja, yeye amekaa kwenye kiti chake, anajizungusha bila sababu. Vinavyokosekana ni kumi na moja, pamoja na kidole gumba cha mguu wa Mwembamba. Kila kimoja ameandika "hakipo", kwa mwandiko wa kuku aliyekimbizwa. Nilimwambia ukurasa unachukiza. Akasema, mzee, ukurasa unasema kweli, utauzoea. Halafu akanipa nusu ya mkate wake. Si mtu mbaya sana akiwa ametosheka.

Mke wangu amepokea barua ya mwaliko. Ameisoma mara tatu, ameikunja kwa pasi. Shemeji alimpigia mama yao kumpa habari, na mama mkwe akauliza kama mkwewe naye amefanya lolote. Nimesikia. Spika ilikuwa wazi.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi njema. Mama Mkuu amesema daktari atarudi mwezi ujao na angependa kuona wanafunzi wanavyofundishwa mzunguko wa damu. Shemeji amesema anaweza kuuingiza kwenye programu, apewe miezi miwili, asibughudhiwe.

Miezi miwili! Nikasimama pale pale kikaoni. Nikasema hauhitajiki muda wote huo. Nikasema kwa muda mrefu natengeneza mzunguko wa damu unaotembea kweli, wenye tangi la maji mekundu, mipira ya kumwagilia bustani na pampu, na kwamba utakuwa tayari Ijumaa. Mama Mkuu alinitazama kwa muda. Nadhani ni mshangao.

Mpango una hatua tisa. Fundi bomba nimemwona saa sita. Ameuliza kama nimepiga hesabu ya uzito wa tangi likijaa. Nikamwambia nimepiga. Ameuliza dari ni ya nini. Nikamwambia ni imara, nimefanya kazi chini yake miaka kumi na sita na haijawahi kuanguka.

Tangi ndilo moyo, kwa hiyo lazima likae juu, katikati ya chumba. Nimepima kwa utepe wa mke wangu. Katikati ya chumba ni juu ya kompyuta za Bwana Chaja kabisa. Kesho, akienda chai, tunapandisha.